Siku Orosia Alipolizima Pipa

Kuanzia Aprili mpaka Novemba, kiwanda cha ushirika cha Valdecierzo, kando ya mto Ebro, hakizimwi. Pipa la chuma, refu kupita nyumba ya mtu, huzunguka usiku na mchana likipulizwa hewa ya moto, likikausha majani ya lusini ya kulisha ng'ombe. Watu huoana na kuzikana huku likinguruma. Wanaume wa zamu hawaendi hata makaburini. Huwatuma wake zao. Ndiyo desturi yetu, na hakuna aliyeihoji mpaka Orosia alipofiwa.

Mumewe, Blas, alilihudumia pipa hilo miaka thelathini, nalo likamla masikio yote mawili. Alipokuwa hasikii tena hata honi ya trekta, Orosia alishika nafasi yake. Juni hii Blas akafa usingizini.

Asubuhi ya maziko Orosia alikwenda kiwandani amevaa nguo zake nyeusi za msiba, akauzima moto. Pipa likisimamishwa bado lina joto hupinda, kwa hiyo aliliacha lizunguke tupu mpaka lipoe. Nje, matrela ya lusini mbichi yalikuwa yamepanga foleni, na majani yakikaa kwenye lundo huanza kuchemka yenyewe yakaharibika.

Ginés, mwenyekiti wa ushirika na binamu wa marehemu, alikuja akihema.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Namzika mume wangu."

"Mzike, nani kakukataza? Zamu nimeshampa mtu. Pipa limekukosea nini?"

"Leo halingurumi."

"Blas alikuwa kiziwi, shemeji. Atasikia nini?"

"Na huo uziwi aliupata wapi? Kwa mama yake?"

Mtu mmoja juu ya trela alicheka, kisha akajuta. Ginés alikuwa amefura kwa hasira, na haki alikuwa nayo, maana lusini ile ilikuwa jasho la watu.

"Ukilizima," akasema, "kesho usije."

Pipa lilikuwa limeshapoa. Orosia akabonyeza kitufe, nalo likasimama.

Wanaume wote walikwenda kuzika, kwa kuwa hawakuwa na kazi nyingine ya kufanya. Walisimama makaburini na vipande vya majani mabegani. Fundi alipoliziba kwa matofali kaburi, ambalo kwetu ni shimo ukutani, kila mtu aliusikia mwiko wake ukikwaruza. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuisikia sauti ile, hata kwenye maziko ya baba zao. Orosia hakulia. Hasira ilikuwa bado imemjaa, na ndiyo iliyomfanya asimame wima.

Kesho yake alfajiri alimkuta Ginés mlangoni mwa kiwanda, na matrela nyuma yake.

"Nilikwambia usije."

"Nilisikia, mimi masikio bado ninayo. Sasa na wewe nisikie. Siku utakayokufa, shemeji, nitalizima tena kwa ajili yako, hata kama ni katikati ya Julai na mvua inakuja. Nipishe niwashe moto."

 Ginés akageuka kuwatazama wenye matrela, nao walikuwa wameshawasha injini, wakimsubiri Orosia.

Akapisha.