Wingu la Nyota Changa Juu ya Igogo

Mume wangu alikuwa mwalimu wa fizikia, na kwa miaka mingi alitaka kitu kimoja: kituo cha kuangalia nyota juu ya miamba, nyuma ya nyumba yetu ya Igogo, kando ya ziwa. Majirani walimwona amechanganyikiwa. Yeye alipandisha tu saruji na matofali mpaka kibanda kikasimama, na fundi wa kuchomelea kutoka Igoma akamtengenezea paa la mabati la kusukuma pembeni kwenye reli. Kilichobaki ni kioo cha darubini. Mhadhiri mmoja alimtumia kimoja kutoka nje ya nchi, lakini mzigo ukakwama bandarini.

Tukiwa tunasubiri, macho yake yakaanza kufifia. Alidhani ni miwani. Hospitalini wakatuambia ni presha ya macho, na kwamba uoni uliopotea haurudi. Alitoka pale akinieleza habari za wingu la gesi na vumbi ambamo nyota zinazaliwa hata sasa. Alisema mwanga wa nyota changa hupanda na kushuka, na mtu mwenye darubini ndogo, akizifuatilia mwaka hadi mwaka, anaweza kuwasaidia wataalamu. Nilimshika mkono tukashuka ngazi.

Kioo kilifika akiwa haoni tena hata dirisha. Alikifunga mwenyewe kwa kupapasa, hakutaka msaada. Giza lilipoingia nikasukuma paa, nikaielekeza darubini kwenye wingu lile kama alivyonifundisha, nikaweka jicho.

"Unaona nini, mama?" aliniuliza.

Nilitafuta maneno mazuri, sikuyapata. Nikamwambia naona ukungu mdogo, kama mtu amehemea kioo, na katikati yake nyota nne zimebanana.

"Rangi je?"

"Hakuna rangi, baba. Kijivu tu."

Chini yetu taa za wavuvi wa dagaa zilikuwa zimeanza kuwaka ziwani. Nikamsihi tuendelee, mimi ningemwangalizia, na wanafunzi wake wangesaidia. Akasema hakujenga kibanda kile ili aje kusimuliwa.

"Funga paa," akasema.

Hakupanda tena. Wanafunzi walikuja mara kadhaa, akakataa kutoka chumbani, nami nikawaaga mlangoni. Siku hizi reli zimeshika kutu kwa unyevu wa ziwa, paa halisukumiki, na kioo kimeota kuvu isiyotoka kwa kufuta. Nilipomweleza, aliniuliza kama nimeshaanua nguo.