Samaki Mgonjwa Hachovywi

Mwaka ule tulikula makopa asubuhi na jioni, mihogo mikavu mpaka watoto wakanuka unga wake. Ndio mwaka nilioandikwa kazi kwenye mabwawa ya samaki huku Msambweni. Nimesoma darasa la pili tu, lakini vifaranga wangapi wa mwatiko, samaki wetu wa mabwawani, wamepita katika viganja hivi, Mungu ndiye ajuaye.

Siku ya kwanza Bwana Samaki, mkubwa wetu, alinionyesha chupa ya chanjo. "Humu mna vijidudu vya ugonjwa wa vidonda, vimekwisha kuuawa. Mwili wa samaki ukivionja, utamjua adui."

"Na nani kahakikisha vimekufa?"

"Wewe chovya, mama."

Nikachovya. Samaki wakubwa wa kuzalisha mbegu tuliwadunga sindano tumboni, mmoja mmoja, nami nikiogopa kujidunga kidole. Wadogo tuliwatia katika kimia, wavu mdogo wa mkono, tukawazamisha kwenye ndoo ya maji yenye chanjo. Saa sikuwa nayo. Nilisoma Kulhuwallahu mara tatu bila haraka, nikawatoa. Bwana Samaki alipima kwa saa yake, akaona muda ni ule ule. Chanjo ya kuchanganya na chakula ilikuja baadaye, nayo sikuipenda: mlafi hushiba, mnyonge hukosa.

Siku moja kabla ya kuwapelekea akina mama wa kijiji cha Bodo vifaranga vya mabwawa yao, niliona baadhi wanahemea juu ya maji, ubavuni wana madoa mekundu. Chanjo humkinga mzima. Mgonjwa haimponyi, kumshikashika kunammaliza, na kimia chake huwapelekea wenzake ugonjwa.

"Wachovye wote," akasema Bwana Samaki. "Kesho wanangojewa."

"Sichovyi samaki mgonjwa, hata unifukuze."

"Unajua wanaoitaka kazi yako ni wangapi?"

Nilijua. Nilikuwa mjane, na watoto wanne walikuwa wakiyangoja hayo makopa. Lakini kimia sikukishika. Akakishika mwenyewe, akawachovya wote.

Asubuhi bwawa zima lilikuwa jeupe kwa matumbo ya samaki waliokufa. Bodo hakwenda hata kifaranga mmoja. Nikangoja kufukuzwa, kila nikiitwa jina nashtuka. Mwisho Bwana Samaki akaja, akanikabidhi kimia. "Siku nyingine, mama, utaangalia wewe kwanza."

Niliangalia mpaka nikastaafu. Woga haukustaafu. Juzi mjukuu wangu Mwanasha, aliyechimba bwawa katika shamba langu, aliniita nimchovyee vifaranga. Nikainama: madoa yale yale.

"Nyanya, wanunuzi wako njiani. Chovya tu."

"Sichovyi samaki mgonjwa, hata unifukuze."

"Nikufukuze wapi, nyanya, na shamba ni lako?"

Alikuwa akicheka, lakini kimia keshakishika. Nikampokonya. Nikakificha nyuma ya mgongo, nikamwambia tena: "Sichovyi samaki mgonjwa, hata unifukuze."