Kipindi Nisichokiona

Nilisaini fomu ya tathmini ya mwanachuo ambaye sikumwona akifundisha hata dakika moja. Naanza na hilo kwa sababu nikilizungukazunguka nitaishia kujitetea, na mimi nikianza kujitetea sinyamazi.

Wakati huo nilikuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu, Karatu. Wanachuo wetu walikuwa wametawanyika mashuleni kwa mafunzo kwa vitendo, na sisi wakufunzi tulipaswa kumfuata kila mmoja huko aliko, kukaa nyuma ya darasa kipindi kizima, kisha kumweleza uso kwa uso wapi amepatia na wapi ameharibu. Mmoja alipangiwa upande wa Kakesio. Ilikuwa masika. Tulivuka lango la hifadhi ya Ngorongoro asubuhi na ukungu, tukapita Endulen salama, na mbele ya hapo Landkruza ikazama kwenye matope meusi mpaka milango ikagoma kufunguka. Vijana waliokuwa wakipitisha ng'ombe walitusaidia kusukuma. Ilipofika saa nane dereva akaniambia, "Mama, lango linafungwa saa kumi na mbili. Tukiendelea tutalala humu na fisi." Tukageuza.

Mkufunzi mwenzangu niliyekuwa naye kwenye gari akachomoa fomu kwenye bahasha. "Jaza tu," akasema. "Chuoni si alikuwa mzuri? Mpe alama zake mtoto wa watu, asije akarudia mwaka kwa sababu ya tope."

Shule za mbali tulizifanyia hivyo wengi wetu. Tuliita tathmini ya kwenye gari, na tulikuwa tunacheka tukiita hivyo. Nikaweka fomu gotini, nikampa alama za juu, na chini, kwenye nafasi ya maoni, nikaandika: Anafundisha kwa kujiamini. Aendelee hivi hivi. Kisha nikala ndizi. Ile ndizi naikumbuka mpaka leo, na inanikera kwamba naikumbuka.

Miaka saba ikapita, mimi nikawa msemaji wa watu. Mdomo wangu hauna breki, kila mtu Karatu anajua, kwa hiyo walimu walipotafuta mtu wa kuwasemea mbele ya wageni wa wizara waliokuwa wanakuja kukusanya maoni juu ya maandalizi ya walimu, vidole vyote vilinielekea mimi. Nikakaa nikaandika hoja tatu. Muda wa mafunzo kwa vitendo uongezwe. Kila mwanachuo aonwe darasani zaidi ya mara moja. Na mkufunzi asiyefika shuleni asisaini fomu. Hiyo ya tatu niliiandika bila kupepesa macho, nikaipigia mstari chini, nikajiona shujaa.

Wiki moja kabla ya kikao nilikwenda shule moja ya kata ya Endamarariek kutafuta mifano hai. Mwalimu wa darasa la kwanza alitoka mlangoni akiwa na chaki mkononi, akaufuta mkono kwenye sketi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo, madam. Hunikumbuki. Ni mimi yule wa Kakesio."

Niliitikia marahaba, nikamwuliza habari za nyumbani, nikajichekesha. Yeye alifurahi kweli. Akaniambia niingie nimwone akifundisha, maana anasemwa vizuri pale shuleni, darasa lake lina nidhamu na linasoma.

Nikaingia. Watoto wakasimama, wakafungua vitabu, wakasoma ukurasa wa kuku wa bibi kwa sauti moja mpaka bati likatetemeka. Nikamwita msichana wa dawati la mbele. Akausoma ukurasa ule peke yake bila kukosea, akipandisha na kushusha sauti inavyotakiwa. Nikamfungulia ukurasa mwingine, wa sokoni, nikamwambia asome. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akanisomea habari za kuku wa bibi, mwanzo hadi mwisho, halafu akanitazama akisubiri nimpongeze. Nikamwita wa pili. Kuku. Wa tatu, kuku.

Hakuna aliyekuwa anasoma mle ndani. Walikuwa wamekariri wimbo wa mwalimu wao, na mwalimu wao alikuwa amesimama ubaoni, anatabasamu bado, lakini tabasamu limeanza kumchezacheza mdomoni.

Tulipotoka nje nilimweleza. Nilijaribu kusema kwa upole, na upole si kazi yangu, kwa hiyo nilisema vibaya. Nikamwambia watoto hawa hawajui hata herufi, wanajua sauti yako tu.

"Nimeanza kukosea lini?" akauliza.

"Nadhani tangu mwanzo."

Akaingia ofisini, akarudi na faili la plastiki. Ndani, juu ya vyeti vyote, ilikuwa nakala ya ile fomu. Mwandiko wangu.

"Mwalimu mkuu wa kule aliniambia gari la chuo halikufika," akasema. "Fomu ilipokuja na alama nzuri nikafikiri yeye ndiye aliyewapa habari zangu. Sikuuliza. Nani anauliza akishafaulu? Uliandika niendelee hivi hivi." Hakusema kwa ukali. Laiti angenitukana. "Basi nimeendelea, madam. Hawa ni darasa la kwanza la sita kupita mikononi mwangu."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na sikujua niiweke wapi. Nikafanya ninachofanya siku zote, nikaigeuza kuwa hoja. Nikamwambia hii fomu ndiyo ushahidi wenyewe, nitaisema kwenye kikao, wanachuo wanaokuja nyuma wasifanyiwe alichofanyiwa yeye.

Akalifunga faili, akalibana kwapani. "Ukinitaja, cheti changu kitasemwaje? Si watasema hakuna aliyeniona nikifundisha, kwa hiyo mimi si mwalimu? Nina watoto wawili, na mama ananitegemea. Nikitolewa kazini naenda wapi?"

Nikamwahidi sitamtaja. Akasema atakuja kikaoni mwenyewe kusikiliza. Hakuniamini, na alikuwa na haki yake.

Kikao kilifanyika Ijumaa, Karatu mjini, kwenye ukumbi ulio nyuma ya hoteli moja ya watalii. Yule mwenzangu wa kwenye gari alikaa kando yangu. "Ongea kwa ujumla tu," akaninong'oneza. "Usitufukulie makaburi." Nilisoma hoja ya kwanza, wakaandika. Nikasoma ya pili, wakaandika. Nilipomaliza ya tatu, mwenyekiti wa wale wageni, mtu mstaarabu mwenye sauti ya chini, akavua miwani.

"Hii ni tuhuma nzito, mwalimu. Wakufunzi wanasaini bila kufika? Nani hao? Tukiandika bila mfano tutaonekana tumekuja kukusanya umbea."

Watu wakacheka. Damu ikanipanda.

"Mimi," nikasema. "Nilisaini ndani ya gari, nusu ya njia."

Mwenzangu akanivuta gauni chini ya meza. Hakuna aliyecheka tena.

"Mwanachuo huyo yuko kazini sasa?" mwenyekiti akauliza.

"Yuko."

"Tupe jina lake na shule yake, tuhakiki."

Macho yangu yalikwenda yenyewe safu ya tatu. Yule wa Kakesio alikuwa amepakata mkoba, mikono yote miwili juu yake, anaangalia sakafu. Nikasema sitamtaja, kosa ni langu, jina langu wanalo, waniandike mimi.

"Bila yeye hatuna cha kuhakiki," akasema mwenyekiti, kwa heshima zote. "Ama jina, ama tuiondoe hoja."

Nitasema ukweli hapa, maana pale sikuusema. Nilitaka kumtaja. Jina lilikuwa limeshafika kooni. Nilijiambia akiumia mmoja watapona mamia, na watoto wao wa darasa la kwanza, na watoto wa hao. Ni hesabu tamu sana ukiifanya kwa maisha ya mtu mwingine. Nilisimama pale mdomo wazi, naona mikono yake ikikaza juu ya mkoba, na nilimchukia kidogo kwa kuwepo pale. Halafu nikakaa chini. Katibu akachukua rula, akapiga mstari juu ya hoja ya tatu.

Nilitoka kabla ya chai. Mwenzangu alinipita mlangoni bila kunisemesha, na mpaka leo hanisemeshi. Nilikuwa nimefika uani, kati ya magari ya watalii, niliposikia viatu nyuma yangu. Alikuwa yule wa Kakesio.

"Asante kwa kunificha, madam."

Nikamjibu kwa mkato kwamba hakuna cha asante. Nilikuwa na hasira bado, naiwaza hoja yangu. Hakuondoka.

"Kazi yangu imepona," akasema. "Lakini Jumatatu nawakuta wale watoto pale pale, wananiimbia kuku. Ningewafundisha vingine, ila sijui vingine ni vipi. Mimi nani atanifundisha?"

Machozi yalinilenga, nikajifanya nimeingiwa na vumbi. Mwishowe nikamwuliza kipindi chake cha kwanza Jumatatu kinaanza saa ngapi.

"Saa mbili." Akaanza kwenda zake kuelekea stendi, kisha akasimama, akageuka.

"Lakini madam, uje kweli."