Kumi Yangu, Kumi ya Stoo

Hasira zangu zinajulikana kuanzia mtaa wa Izia mpaka stendi ya Sumbawanga, kwa hiyo asubuhi ile hakuna aliyenisogelea kwenye chumba changu cha kompyuta isipokuwa katibu muhtasi wa shule yetu, mama wa Mbeya, mpole, asiyejua Linux ni mdudu gani.

Saa nne wakaguzi walikuwa wanakuja. Mkuu wa shule alishaniambia bila kupepesa macho: wasipoona masomo yanafunguka, somo la kompyuta linafutwa, chumba kinageuzwa bweni. Nilikuwa na watoto wa wafugaji mle ambao mwezi wa kwanza waliogopa hata kugusa kibodi, na sasa wanachapa bila kuangalia vidole. Wangeniangaliaje?

Masomo yote yalikaa kwenye laptop moja yenye mfumo wa Linux na kusafiri kwa waifai ya shule. Jumamosi niliipa anwani ya mtandao kwa mkono, namba inayoishia na kumi, kisha kompyuta kumi na nane za wanafunzi nikazielekeza huko. Inashika, inakata. Nikaandika upya, nikahifadhi, nikazima waifai, nikawasha. Inashika, inakata. Tangu Jumamosi! Matusi ya Kiswahili yaliniishia, nikahamia ya Kifipa.

"Mwalimu," katibu akasema, "mbona kila ikikata, printa ya stoo inakuwa imewashwa?"

"Stoo ina printa?"

"Wiki ya tatu sasa. Ya waifai. Namba yake wameibandika ubavuni, inaishia na kumi."

Namba moja, vifaa viwili: printa ikiwashwa, inainyang'anya laptop yangu mtandao! Shule nzima ilijua habari ya printa ile isipokuwa mimi, maana nilikuwa nimenuniana na mtunza stoo, mzee wa Kifipa, tangu aliponinyima waya wa umeme. Nilikuwa nazunguka nyuma ya jengo ili nisipite mlangoni kwake. Katibu yeye hupita ofisi zote kila asubuhi, shikamoo hapa, habari za nyumbani pale. Nilimcheka sana kwa hilo. Kumbe mama yule aliujua mtandao wa shule kuliko mimi na cheti changu.

"Basi kamwambie azime," nikasema.

"Siendi. Nenda mwenyewe."

Zilibaki dakika ishirini. Nikaenda stoo. "Shikamoo, mzee." Akaitikia taratibu, kisha akauliza mama yangu anaendeleaje, watoto, mahindi, ulezi. Jasho linanitoka na baridi yote ile ya Sumbawanga! Nikajibu yote, nami nikamuuliza ya kwake. Mkewe alikuwa amelazwa wiki mbili. Wiki mbili, na mimi nazunguka nyuma ya jengo. Niliona aibu mpaka shida yangu ikanitoka kichwani. Yeye ndiye aliyeniuliza nimefuata nini.

Nikamweleza. Akachomoa printa ukutani. "Ungesema mapema, mwanangu."

Wakaguzi walikuta kompyuta zote kumi na nane ziko wazi, watoto wanafanya kazi. Mkubwa wao akanipa mkono mbele ya mkuu, akasema somo hili lisiguswe. Akauliza ni fundi gani aliyetutengenezea mtandao.

Nikamwonyesha katibu muhtasi, aliyekuwa mlangoni na chupa ya chai. "Huyu hapa."

Wakacheka wote, hata yeye. Kwenye ripoti waliandika kwamba mwalimu wa somo anastahili pongezi.