Mama Koki na Sanduku la Daktari wa Meno

Mama Koki amezibua vyoo vya watu kwa miaka thelathini na nane, na ukimuuliza kazi hiyo imemfundisha nini atakuambia jambo moja tu: hakuna mtu anayekiri alichokitupa humo. Amekuta meno ya bandia, funguo za gari, simu mbili, kijiko cha mchuzi, na mara moja barua ya posa iliyokunjwa vizuri. Kila mwenye nyumba alishangaa. Kila mwenye nyumba alisema labda ni mgeni.

Kazi yenyewe hakuiomba. Alikuwa msichana wa kushika tochi kwenye jengo la ghorofa, akimmulikia fundi bomba mmoja mwenye mikono kama mikungu ya ndizi. Nati moja ilikuwa nyuma ya sinki, mahali ambapo mikono ile haikuingia. Fundi alilitukana sinki, akamtukana aliyelifunga, akamalizia na ukoo wake. Msichana akaweka tochi chini, akapenyeza mkono, akakaza nati, akautoa. Kesho yake alikuja na spana yake mwenyewe. Jina la Koki lilifuata, na lile la Mama likatangulizwa alipojifungua mwanawe wa pekee.

Mwana huyo leo ni mkuu wa kitengo cha teknolojia katika ofisi yenye mlango unaojifungua wenyewe. Ana tai nane. Kazi yake, kwa maelezo ya mama yake, ni kuwaambia watu wazima wazime kisha wawashe. Mama humwita Meneja, na hajawahi kulitamka neno hilo bila kukunja pua.

Taabu ilianzia magotini. Siku moja Mama Koki aliingia chini ya sinki akaziba lilipovuja, kisha akashindwa kutoka. Mwenye nyumba alishika mguu mmoja, mpangaji akashika wa pili, wakamvuta kama watu wanaong'oa muhogo. Kabla hajajikung'uta vumbi, habari ilikuwa imefika kwa Meneja.

"Mama, basi sasa. Chumba kipo, kina pazia, kina televisheni. Wajukuu wapo. Uje upumzike."

"Wajukuu wangapi?"

"Si unawajua, Mama. Watatu."

"Basi usiseme kupumzika. Sema umenitafutia kazi isiyo na spana."

Alicheka, lakini goti halikucheka. Alijua fundi asiyeweza kupiga magoti ni fundi wa mdomo, na wa aina hiyo wameshajaa mjini. Ilibaki miezi michache akubali pazia na televisheni. Hapo ndipo daktari wa meno alipompigia.

Daktari huyu alikuwa mteja wake wa siku nyingi, kwa sababu ya beseni la kutemea ambalo huziba bila kuchoka. Ni mtu mpole, mwenye miwani na sauti ya kunong'ona, ambaye kati ya mgonjwa na mgonjwa hujifungia chumba cha nyuma na kuua watu. Ni mchezo wa kompyuta, wa vita. Huucheza na wenzake wawili kupitia mtandao: mfamasia mmoja na hakimu mstaafu, wote watu wa heshima zao, wanaoombwa kufungua harusi kwa sala.

Kompyuta yake ilikuwa ndogo, ukubwa wa boksi la viatu. Kubwa ingehitaji maelezo, na mkewe ndiye anayepokea wagonjwa pale mbele. Lakini ndani ya boksi hilo alishindilia prosesa na kadi ya picha zenye nguvu za kutisha, na joto lake likakosa pa kwenda. Feni mbili ndogo zilihangaika kulitoa. Zilitoa sauti nyembamba, kali, ya kupanda na kushuka. Wagonjwa kwenye benchi waliisikia kupitia ukutani, wakajua ni ile mashine ya kutoboa jino, na kwamba huyo aliyeko ndani anatobolewa dakika ya arobaini sasa. Walinyanyuka mmoja mmoja. Kila mmoja alikuwa amekumbuka jambo.

Daktari alisoma kwamba dawa ni kupoza kwa maji. Akaagiza vipande vyote: pampu isiyozidi ngumi ya mtoto, rejeta nyembamba kama daftari, tangi dogo la plastiki, mipira laini, na kipande cha shaba cha kukaa juu ya prosesa. Akajaribu kuviunga, akalowesha suruali. Mtu anayeziba matundu ya meno mchana kutwa alishindwa kuziba tundu moja la mpira.

"Mama Koki, wewe ni mtu wa maji," alimwambia.

"Maji ya chooni, Daktari."

"Maji ni maji, mama yangu."

Mama Koki aligeuza vipande mkononi. "Yanapita kwenye shaba yanabeba joto. Yanakwenda kwenye rejeta, feni kubwa ya taratibu inayapoza. Yanarudi. Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Hakuna anayejisaidia humo?"

"Hakuna!"

"Basi hii ndiyo kazi safi ya kwanza kupewa tangu nizaliwe. Lete."

Aliifanya nyumbani, juu ya meza, ameketi kwenye kiti chenye mto. Ndani ya sanduku lile nafasi ilikuwa ya kuhesabu kwa vidole, na vidole vyenyewe viwe vyembamba. Vyake vilikuwa vyembamba. Ilikuwa nati ya nyuma ya sinki mara ishirini, ila safari hii sinki lilikaa mezani na goti lilipumzika.

Alipomaliza, hakutia maji. Fundi bomba haamini jointi hata iliyofungwa na mama yake mzazi. Alijaza hewa kwa pampu ya baiskeli, akafunga geji ya kupimia hewa, akaenda kufua nguo. Alirudi sindano ikiwa palepale. Ndipo akatia maji ya betri, yasiyo na chumvi, kwa sababu maji ya bomba anayajua yanakotoka. Chini ya kila jointi alilaza karatasi ya chooni, akaizungusha pampu peke yake, kompyuta imezimwa, siku mbili. Tone liwe dogo kiasi gani, karatasi ingelisema. Wengine husema haba na haba hujaza kibaba. Yeye amekuta haba na haba ikijaza sebule ya mtu wa ghorofa ya chini.

Karatasi zilibaki kavu kama hotuba ya Meneja, ambaye alipita siku ya pili akasimama mlangoni na tai yake.

"Mama! Maji ndani ya kompyuta? Mimi hivi vitu ndiyo kazi yangu."

"Ndiyo, mwanangu. Zima, uwashe."

"Haitamaliza mwezi."

"Ikimaliza?"

"Ikimaliza mwezi bila kukurudia, sitakutajia tena habari za chumba. Ikirudi, unahama."

"Na mke wako awe shahidi," alisema Mama Koki, kwa kuwa anamwamini mkamwana wake kuliko anavyomwamini aliyemzaa.

Sanduku likaenda kwa daktari. Wiki ya kwanza kimya. Wiki ya pili kimya, na benchi la wagonjwa likajaa. Mfamasia na hakimu wakatuma ujumbe kwamba wanaangalia tu. Daktari akipona, nao watakuja.

Siku ya kumi na tisa ilikuwa Jumamosi. Mama Koki alikuwa kwa Meneja, mjukuu wa mwisho begani, ameshiba maziwa, naye anampigapiga mgongo. Simu ikalia. Mkamwana akaishika, akabonyeza sauti ya juu.

"Mama Koki," ilinong'ona sauti ya daktari, "inagugumia. Halafu inachemka. Halafu inajizima."

Meneja alikuwa ameshachukua funguo za gari. Alizichukua kwa huzuni ya mtu anayekwenda kumzika adui yake.

"Twende, Mama, nikupeleke," alisema. "Nitabeba hata hicho kiboksi."

Kliniki ilikuwa ghorofa ya pili. Mama Koki alipanda ngazi moja moja, akishika ukuta, Meneja nyuma yake akihesabu kwa sauti ili asikike. Chumba cha nyuma walimkuta daktari amekaa sakafuni kwenye koti lake jeupe. Simu yake ilikuwa mezani, na humo sauti nzito ya hakimu mstaafu ikidai maelezo, kwa kuwa alikuwa ameachwa peke yake vitani.

Meneja aliinama, akaiwasha kompyuta, akasikia mgugumio, akainuka. "Pampu imekufa. Hapa ni kununua nyingine au kurudisha feni. Pole, Mama. Kwa kweli, pole."

"Umeshamzika? Ngoja kwanza tumpime."

Alitoa bisibisi ndefu kwenye mkoba. Akaweka ncha juu ya pampu na mpini sikioni, kama anavyofanya kwenye bomba lililofukiwa ukutani. Akasikiliza. Akahamisha ncha kwenye tangi. Akasikiliza tena.

"Pampu nzima," alisema. "Inakunywa hewa. Daktari, hili sanduku ulilikuta limelala?"

"Nilililaza mimi. Juzi. Mke wangu alianza kuliulizia, nikalificha kwenye rafu ya chini. Likisimama halienei."

Mama Koki alishusha bisibisi. Angeweza kumtupia daktari lawama na hakuna ambaye angebisha. Wenye nyumba wote walimfundisha jinsi ya kusema ni mgeni.

"Kosa ni langu," alisema. "Choo cha mtu siwezi kukifunga bila kuuliza kitakaa wapi na kitaelekea wapi. Hili sikuuliza. Tangi nililipanga kwa sanduku lililosimama: hewa juu, maji chini, pampu inanyonya chini. Umelilaza, hewa imehamia mlangoni kwa pampu. Meneja, chomoa waya ukutani. Daktari, nipe vile vikoleo vyako vya kubania, na bomba la sindano. Jipya."

Alibana mipira kwa vikoleo, akalegeza skrubu mbili, akapenyeza mkono mahali ambapo Meneja alijaribu akaishia kukwaruza saa yake. Akalizungusha tangi robo mzunguko, tundu la kunyonyea likaelekea chini kwa sanduku lililolala. Akaongeza maji kwa sindano, tone kwa tone. Kisha akavua vikoleo, waya ukarudishwa ukutani, akaiwasha pampu peke yake, akalinyanyua sanduku, akaliegemeza begani, akaanza kulipigapiga mgongo.

"Mama, unafanya nini?" aliuliza Meneja.

"Naicheulisha."

Mlangoni alitokea mgonjwa mmoja aliyechomwa sindano ya ganzi akasahauliwa kitini, shavu moja limening'inia. Alimwona mama mtu mzima akibembeleza kompyuta, daktari yuko sakafuni, na bwana wa tai ameshika kitambaa. Alirudi kitini mwenyewe bila swali.

Sanduku likacheua. Kiputo kikubwa, kisha vidogo vitatu, kisha kimya. Mama Koki aliziba tangi, akalikausha, akalilaza kwenye rafu juu ya karatasi ya chooni. Walisubiri. Karatasi ikabaki kavu. Daktari akawasha, akaingia vitani, akafa papo hapo, lakini joto halikupanda.

"Sawa," alisema Meneja. "Lakini mashine imerudi. Mwezi haujaisha."

"Imerudi wapi? Haijatoka hata mlangoni. Mimi ndiye niliyeifuata."

"Mama, tusipindishe maneno. Imeharibika."

"Samahani," ilisema simu mezani. Walikuwa wameisahau. "Nimesikiliza pande zote mbili. Mgonjwa aliyetibiwa nyumbani kwake hajalazwa. Dai la kijana halina msingi, limetupwa. Mama, mimi utaniunganishia lini?"

Daktari alipiga makofi. Meneja akakunja kitambaa chake. Hata yeye alijua hakimu hakatizwi.

Mama Koki ndiye aliyekataa ushindi. "Asante, mheshimiwa. Lakini kazi yangu ilirudiwa, na iliyorudiwa haihesabiki. Mwezi uanze leo." Kisha akatoa kalamu nene, akachora mshale juu ya sanduku na kuandika JUU, herufi kubwa kama za kwenye katoni ya mayai.

Meneja alimchukulia mkoba. Alikuwa ameona kazini kwake watu wengi wakiharibu, lakini ni mara ya kwanza kuona mmoja akikiri. Waliposhuka ngazi, hakuhesabu. Alitangulia mbele, akampa mama yake bega la kushikia.

Siku ya thelathini ya hesabu mpya Mama Koki alikwenda kliniki asubuhi, akaketi kwenye benchi kati ya wagonjwa. Walikuwa sita, wametulia, wanasoma magazeti ya zamani. Nyuma ya ukuta daktari alikuwa anapigwa risasi na hakuna aliyejua. Mama Koki alitoa bisibisi, akagusisha ncha ukutani, akategesha sikio kwenye mpini.

"Unasikia nini, mama?" aliuliza jirani yake, mkono shavuni.

"Sisikii kitu."

"Ni vizuri au vibaya?"

"Kwangu ni vizuri. Kwako subiri zamu yako."

Mke wa daktari aliinua kichwa kutoka kwenye daftari la zamu. "Mama Koki, jino gani?"

"Meno yangu mazima, mwanangu."

Akampigia mkamwana, akamwambia wamtoe yule mwenye tai wasiwasi, chumba akitumie kwa mambo mengine. Kisha akashuka ngazi moja moja, mkoba begani, ndani yake mita tano za mpira laini na karatasi ya chooni. Hakimu alikuwa anamsubiri. Kabla ya kutoka nyumbani Mama Koki alikuwa amempigia kumuuliza mambo mawili: sanduku litasimama au litalala, na kwake kuna ngazi ngapi.