Sufuria Asiyoisugua Gracinda

Jua bado halijapanda vizuri juu ya mabati ya soko la Palma, kaskazini mwa Msumbiji, na Gracinda Januário ameiweka sufuria sikioni kama mtu anayesikiliza redio. Anaigonga kwa kifundo cha kidole. Anaigeuza, anagonga tena.

"Hii nzima," anasema. "Ile ya jana ilikuwa na ufa. Ukisugua yenye ufa, mwenyewe anakuja kukwambia wewe ndiye uliyemtobolea."

Mbele yake, juu ya mkeka wa plastiki, kuna vyombo ambavyo mahali pengine vingeishia jalalani. Sufuria zenye masizi yaliyoganda kama lami. Vikaango vya chuma. Trei za oveni zilizokula mafuta ya miaka.

Vingi vimetoka chini ya majivu. Mji uliposhambuliwa Machi ya mwaka 2021, watu walikimbia na walichokuwa nacho mkononi. Wapo waliofukia vyombo uani. Wengine waliviacha jikoni, nyumba zikaungua na kuviangukia.

"Mtu anarudi hana mlango, hana kitanda, ana sufuria," anasema Gracinda. "Basi anataka angalau hiyo iwe nyeupe. Akiiona nyeupe anajiambia, haya, tutapika."

Kwa sufuria moja hulipwa meticali thelathini, na wasio nazo humletea mhogo. Kazi yenyewe haitaki haraka. Kikaango cha chuma hukichemsha na majivu yaliyochekechwa. Sufuria za alumini hazipeleki huko, kwa kuwa majivu makali huzila. Hizo huzilowesha kwa maji ya ukwaju hadi uchafu ulegee, kisha ndipo huja makumbi ya nazi na mchanga mwembamba. Kucha zake zimekwisha. Ncha za vidole zimekuwa ngumu kama kisigino.

Mwalimu Flávia, aliyehamishiwa hapa kutoka Nampula, anafika kuchukua trei yake ya keki. Anaitazama, anauona uso wake humo.

"Mana Gracinda, dada yangu, hii ni yangu kweli?"

"Kama si yako niachie, nioneshe watu."

"Mume wangu atadhani nimenunua mpya!"

"Mwambie umenunua. Hela akupe wewe, tugawane."

Wanacheka. Lakini Flávia anapoondoka, kicheko cha Gracinda kinakatika ghafla, kama moto uliomwagiwa maji. Macho yake yanarudi nyuma ya mkeka, kwenye sufuria kubwa iliyofunikwa kanga.

Hiyo ni yake mwenyewe. Jumamosi hii ilikuwa ipikiwe wali wa matanga ya mwanawe Celso, na leo kaka mkubwa wa Gracinda, Belmiro, anakuja kuichukua.

Siku ile ya shambulio Celso alikuwa na miaka kumi na sita. Gracinda, mjane tangu zamani, alikuwa amebandika wali mchana. Alimkumbusha kijana kwamba leo zamu ya kuosha vyombo ni yake.

"Akaniambia, 'Kazi ya wanawake hiyo, mama.' Nikamwuliza, 'Na kula je, ni kazi ya wanawake?' Akacheka. Akabeba dumu, akaenda kisimani."

Maji ya wali ndiyo kwanza yalikuwa yanachemka milio ya bunduki iliposikika. Watu walipita mlangoni wakikimbia. Njia ya kisimani ilikuwa imejaa moshi. Gracinda alimfunga mgongoni bintiye mdogo, Lígia, akaingia mikokoni na wenzake, akiamini Celso amekimbia na watu wa kisimani. Hajamwona tena.

Aliporudi Palma, nyumba ilikuwa imelala chini. Walichekecha majivu kwa mikono, yeye na Belmiro, wakitafuta jambo ambalo hakuna aliyethubutu kulitaja. Hawakupata mfupa. Walipata ile sufuria ya wali chini ya ukuta ulioanguka, masizi ya makuti yameijaza. Gracinda aliifunika kanga, akaiweka. Tangu hapo amesugua sufuria za mji mzima isipokuwa hiyo.

Kwa Wamakonde mtoto ni wa mjomba wake. Mjomba akisema matanga, matanga yamesemwa. Na katika ukoo wao, chakula cha matanga hupikwa katika sufuria ya nyumba ya marehemu, isuguliwe kwanza ndani na nje isibaki doa. Masizi ya zamani, wanasema, humzuia marehemu kwenda zake.

Gracinda alikubali. Alikuwa amechoka kusubiri. Jumapili aliibandika sufuria motoni na ukwaju, na masizi ya makuti yakaanza kubanduka kama gamba. Chini yake ulitokea wali. Ulikuwa ukoko mweusi, mgumu kama jiwe.

Na juu ya ukoko palikuwa na mikwaruzo ya kijiko.

"Mimi niliacha mchele mbichi," anasema, na sauti inashuka. "Maji yalikuwa hata hayajakauka. Basi kuna mtu alirudi, akakaa, wali ukaiva, ukaungua, akala. Akakwangua na ukoko. Ndipo nyumba ikachomwa."

Anakunja mkono kuonesha. Sisi wa mkono wa kulia, anasema, tukikwangua mikwaruzo hulala upande huu. Hii imelala upande wa pili. Celso ni mashoto.



"Alirudi akakuta moto unawaka, akajua mama yupo karibu. Mimi nakimbia, yeye kakaa ananisubiri." Anajifuta uso kwa mgongo wa mkono, masizi yanabaki shavuni.

Belmiro anafika jua limeshakuwa kali, shati limefungwa vifungo hadi shingoni. Anainua kanga, anachungulia.

"Mbona bado, mdogo wangu? Leo Alhamisi."

"Tazama ndani, mano, kaka yangu. Tazama vizuri."

Anamweleza yote. Belmiro anasikiliza akiwa amechuchumaa, kidole kinafuata mikwaruzo.

"Mashoto ni wengi," anasema hatimaye. "Na askari mwenye njaa naye hula."

"Hula."

"Na kama ni yeye, alikuwa ndani saa ile wanachoma."

"Tulichekecha majivu, mano. Mimi na wewe. Ulipata nini?"

Belmiro anakiondoa kidole sufuriani.

"Mtoto wa watu hana pa kulala, Gracinda. Si kwetu, si kwa wafu. Unamshika miguu."

"Na akirudi akakuta tumeshamlia matanga? Utamwambia nini, wewe mjomba wake? Kwamba ulishiba?"

Mama wa meza ya jirani, anayeuza dagaa, anaacha kupepea inzi. Belmiro anasimama, anakung'uta suruali isiyo na vumbi.

"Watu nimeshawaita."

"Waje. Nitaazima sufuria, nitawapikia washibe. Lakini jina la Celso lisiingie katika matanga ya mtu."

Belmiro anachuchumaa tena. Kisha anaifunika sufuria ile kwa kanga, polepole, pembe kwa pembe, kama anayemfunika mgonjwa. Anaondoka bila kuaga. Kama Jumamosi atakuja, Gracinda hajui. Ndiye ndugu pekee aliyebaki naye.

"Nimemkosea mkubwa wangu," anasema. "Najua. Lakini mkono wangu umekataa."

Hajidanganyi. Anajua ukoko hauwezi kumwambia kijana alikwenda wapi baada ya kula, na usiku mwingine yeye mwenyewe humwona ndani ya moto. Picha zote za Celso ziliungua.

Mvua zikikatika, anataka kumwacha Lígia kwa mama wa dagaa, apande chapa, basi dogo la abiria, hadi Mocímboa da Praia, ambako husikia kwamba watu waliopotea porini huonekana sokoni, mmoja mmoja. Atatandika mkeka wake huko, asugue vyombo vya watu.

"Sokoni kila mtu hupita. Na sufuria hii nitakwenda nayo, niiweke mbele, kila mtu aione. Celso akipita, ataijua."

Mteja mmoja anasimama kuulizia bei, anaigusa ile kanga kwa kidole cha mguu. Na hii chafu, anauliza, haisuguliwi?

"Hiyo ina mwenyewe," Gracinda anamjibu, akivuta sufuria nyingine na kuipeleka sikioni. "Ilikuwa zamu yake. Akija, ataisugua."