Mama Besi na Barua ya Kutubu

Mtaani walimwita Mama Besi, ingawa hakuwa na mtoto. Jina lilitokana na gitaa lake zito la nyuzi nne. Siku za kazi alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi, amesimama kutwa kwenye mvuke. Jumamosi mchana alipiga besi na bendi ya dansi kwenye harusi za watu, na Jumapili asubuhi aliipiga kanisani, nyuma ya kwaya, kando ya dirisha lisilofunga vizuri.

Kanisani habari za bendi walizijua, lakini walizijua kama mtu anavyojua mambo ya nyumba ya jirani: kwa kunyamaza. Kosa lililofumbua vinywa lilikuwa lake mwenyewe.

Mwimbaji wa bendi alikuwa na koo lililochoka, hivyo wapigaji wote walilegeza nyuzi zishuke nusu sauti, asije akapasuka sauti kwenye kiitikio. Mama Besi alizikaza zake tena kila mara kabla ya kwenda nyumbani. Jumamosi moja mvua ilimkurupusha, akatia gitaa kwenye mfuko wake bila kuzikaza nyuzi, akakimbia. Kesho yake, kwaya iliposimama, kinanda kikaenda njia yake, besi ikaenda njia yake. Bibi mmoja wa benchi la mbele akaziba masikio.

Mwingine angejificha nyuma ya spika. Yeye alimwinulia mpiga kinanda kiganja, akainamisha sikio, akakaza uzi mmoja baada ya mwingine mbele ya kanisa zima, bila haraka. Kisha akatikisa kichwa: haya, tuanze.

Baada ya ibada aliitwa chumba cha nyuma na mzee wa kanisa, ambaye pia alikuwa mume wa dada yake.

"Shemeji, leo umetuaibisha."

"Nimekosea, Shemeji. Na nimerekebisha."

"Sisemi nyuzi. Nasema ulikotoka nazo. Watu wamesikia dansi ndani ya kanisa!"

"Wamesikia nusu sauti. Hilo dansi umelisikia wewe."

Dada yake, aliyekuwa akipanga vitabu vya nyimbo, akakohoa kuficha kicheko.

"Mshika mbili moja humponyoka," mzee akasema. "Andika barua ya kutubu, uache bendi. Usipoandika, Jumapili ijayo hupigi."

"Mimi nashika nne, Shemeji, na haijaniponyoka hata moja. Kosa langu nalikubali. Kutubu harusi za watu, sitaandika. Kwani kwenye harusi yako nani alipiga?"

Mzee akajikuna shingo. "Siku zile ulikuwa msichana."

"Na siku zile ulicheza."

Juma lile aliunguza shati la mteja, jambo ambalo halikuwa limewahi kumtokea. Alijua linalomuuma. Bendi ilimchangamsha, lakini pale nyuma ya kwaya ndipo mahali pekee uchovu wa juma zima ulipomtoka. Dada yake alimfuata hadi dukani.

"Mdogo wangu, andika mistari miwili tu yaishe. Karatasi haina meno."

"Inayo, dada. Humng'ata aliyeiandika."

Jumamosi akaenda harusini, akapiga kama kawaida.

Jumapili alikuta spika yake imeondolewa na mahali pake pamewekwa meza ya maua. Alikuwa amekuja mikono mitupu, bila gitaa; akakaa benchi la pili, mbele kabisa ya macho ya shemeji yake. Kwaya ikaanza. Bila besi wimbo ulikwenda mbio, kama watu wanaoteremka mlima wenye utelezi. Ubeti wa pili, Mama Besi akasimama, akafumbua kinywa, akaiimba besi yenyewe, bila maneno, kwa sauti nzito iliyotoka tumboni.

Mpiga kinanda akageuka, akapunguza mwendo, akamfuata. Wanaume wa mstari wa nyuma wakajiegemeza kwenye sauti yake. Shemeji akamkazia macho. Naye akamkazia, wala hakupunguza.

Wimbo ulikuwa na beti tano. Zote zilizobaki aliziimba amesimama.